Tulivyomjengea Mutua kompyuta kwa mwethya: RAM iliingia, mashine ikakataa

Wakuu, salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Kabla sijasema langu, sifa zote zimrudie Mungu Mwenyezi, aliyetuamsha leo tukiwa na pumzi ambayo hakuna aliyeinunua. Yeye ndiye anayejua mwisho wa kila jambo tunaloanza gizani.

Mimi ni mzee wa kanisa huku upande wa Mwingi. Ni mkulima wa ndengu na mfugaji wa mbuzi wachache. Jukwaa hili nimelisoma kimya kwa muda. Nawaona mkibishana juu ya RAM na motherboard, nacheka peke yangu hadi mke wangu anauliza kama niko sawa.

Leo nami nitoe kidogo nilichojaliwa. Nitakayosema ni kweli, na Mungu wangu ananiona nikiandika. Majina tu ndiyo nimeyabadilisha.

Mzee hana haraka, kwa hivyo nivumilieni.

Kuna mtu wetu hapa nitamwita Mutua. Ana mke na watoto, lakini kwa sisi wazee bado ni kijana. Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba. Alikuwa akifanya kazi na mjenzi mmoja kule Malili, ambako nyumba zinaota kando ya barabara kuu kama uyoga baada ya mvua.

Siku moja alipanda juu ya jengo kuhakikisha kipimo. Ubao ukateleza.

Mungu alimwachia uhai, akamwachia mikono na akili. Miguu haikurudi. Alikuja nyumbani kwenye kiti cha magurudumu, na tangu siku hiyo hakuonekana tena kanisani. Tulikuwa tukienda kwake kumwombea. Alikuwa anatushukuru kwa adabu, kisha anatazama ukuta.

Yule mjenzi hakumtupa. Alimwambia anaweza kuchora akiwa nyumbani na kutuma kazi kwa mtandao, mradi apate mashine yenye nguvu ya kubeba zile ramani kubwa, zile ambazo unaizungusha nyumba nzima kwenye skrini na kuiona kila upande. Ila hangemngoja milele. Mvua zikiisha alikuwa anaanza nyumba nyingine nyingi, na asipokuwa na Mutua angechukua mchoraji mwingine.

Laptop ya Mutua ilikuwa ya zamani. Ukifungua ramani moja inasimama kama punda aliyeona mlima.

Mke wake, Mwende, alimweleza mke wangu hayo. Mke wangu akanieleza mimi. Nikayapeleka kwa wazee wa kanisa.

Sasa, kwa wale mlio mbali na Ukambani, nieleze kidogo mwethya ni nini. Ni kikundi cha kazi ya pamoja. Leo tunachimba matuta ya kuzuia maji kwenye shamba lako, wiki ijayo kwangu, nyingine kwa mjane. Kila mtu anakuja na jembe lake au sururu yake. Anayekosa vyote anakuja na mikono yake na wimbo. Matuta mnayoyaona kwenye vilima vyetu, ukipita Makueni au huku Kitui, mengi yalichimbwa hivyo.

Kununua kompyuta iliyo tayari yenye nguvu hiyo kulitushinda. Ndipo Musyoka, fundi wetu wa simu pale sokoni, akasema kompyuta inaweza kuungwa kipande kwa kipande, vingine vipya na vingine vya mtumba.

Aliposema kipande kwa kipande, mimi nilisikia mwethya.

Nilisimama mbele ya kanisa Jumapili moja, nikasema, "Ndugu zangu, kila mmoja alete kipande anachoweza. Hakuna kipande kidogo mbele za Bwana."

Watu wakasema amina. Hata mimi nilijisikia nimenena vizuri.

Mwende alituomba jambo moja: Mutua asijue. "Mkimwambia atakataa," alisema. "Siku hizi anakataa hata chai ya jirani."

Tukaiweka siri.

Wakuu, vipande vilikuja! Kilonzo, mfanyabiashara wa mifugo ambaye pia ndiye dalali wetu wa mnada wa kanisa, alileta case kubwa ya chuma ambayo mbuzi angeweza kulala ndani. Kikundi cha wanaume kilinunua motherboard, ule ubao mkuu unaoshika vipande vyote, ikiwa na processor yake, mtumba safi. Wengine wakaleta power supply, graphics card, skrini na disk. Hivyo vyote, kwa neema tu, vilipatana.

Shida ilikuwa RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Kila mtu alikuwa amesikia kwamba RAM ndiyo nguvu, basi wengi wakaleta RAM.

Nilizipanga zote kwenye meza yangu, Musyoka akiwa kando.

"Mzee, mimi ni wa simu na redio," aliniambia. "Kompyuta nimefungua, lakini si nyingi. Usinitegemee sana."

Ile iliyoletwa na mwalimu wa shule ilikuwa fupi, ya laptop. Hiyo hata mimi niliona haitafika mwisho wa sloti. Nyingine ilikuwa DDR3, ya kizazi cha zamani, na motherboard yetu ilikuwa ya DDR4. Urefu ni ule ule, lakini lile pengo dogo lililo kwenye ukingo wa RAM halikuangukia penye kizuizi cha sloti. Musyoka alitaka kuisukuma. Nikamshika mkono, nikamwambia mlango ukikataa ufunguo usilete nyundo.

Zikabaki mbili, ndefu, zimejaa vijidude vyeusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Zilikuwa za Mama Ndunge.

Mama Ndunge ni mjane mzee kutoka Nuu. Nyumba yake ilipoangushwa na mvua, Mutua alimchorea mpya bila kuchukua hata kikombe cha maziwa. Aliposikia tangazo letu, alipeleka beberu wake kwenye mnada wa mifugo Mwingi, akampa mjukuu wake pesa zote na kumwambia akatafute Nairobi "ile ya nguvu kuliko zote." Mjukuu akaenda, akaulizia DDR4 kubwa ya bei nafuu, akauziwa hizo. Muuzaji hakusema uongo. Hakuulizwa zinaenda kwenye mashine gani.

Tukajaribu. Pengo likakaa mahali pake. Ikaingia, klak, klak, pande zote mbili.

Nilivua kofia nikamshukuru Mungu. Nikamwambia Musyoka, "Unaona? Sadaka ya mjane ndiyo imeingia."

Musyoka akasema, "Sasa tuiwashe tuone."

Hapa ndipo, wakuu, naomba mtuelewe tulivyo. Huku kwetu malimbuko hayaonjwi. Ndengu za kwanza zinapelekwa kanisani kabla hujaweka sufuria jikoni. Kitu kilichotolewa kwa Bwana hakitumiki kabla hakijaombewa, na zawadi ya mtu haiwashwi kabla mwenyewe hajaishika. Nikamwambia Musyoka hapana, ataiwasha Mutua.

Musyoka alinitazama, akafunga case, akakaza skrubu.

Jumapili iliyofuata mashine iliwekwa mbele, imefunikwa kitambaa cheupe, ikaombewa. Baada ya ibada tuliibeba kwa nyimbo hadi kwa Mutua, akina mama wakipiga vigelegele, Mama Ndunge mbele kabisa na kitenge chake kipya.

Mutua alikuwa uani. Alipotuona aligeuza kiti kama mtu anayetaka kuingia ndani, lakini Mwende alikuwa amesimama mlangoni.

Tukamwambia ni zawadi yake. Tukaweka mashine mezani, tukaunganisha stima. Nikamwambia, "Mwanangu, bonyeza."

Akabonyeza.

Feni zikazunguka. Taa zikawaka. Watu wakashangilia.

Skrini ikabaki nyeusi.

Feni zikazima zenyewe. Zikaanza tena. Zikazima.

"Labda haijashiba stima," Mama Ndunge akasema.

Kilonzo akapiga case yake kofi. "Hii nimeipiga msasa mwenyewe, shida si hii."

Mchungaji akasema tuombe tena, tukaomba. Feni zikazunguka katikati ya maombi, mtu mmoja akasema haleluya mapema, zikazima.

Mutua akamwambia Musyoka kwa sauti ndogo, "Fungua, unipe RAM moja."

Akaishika karibu na macho, akasoma karatasi iliyobandikwa. Nilimwona ameelewa. Akainua uso, akaniangalia mimi, akamwangalia Mama Ndunge ambaye alikuwa ameshika mikono kifuani. Akairudisha RAM mahali pake taratibu.

"Imechoka na safari," akasema. "Tuiache ipumzike. Asanteni sana. Kunyweni chai."

Watu walikunywa chai wakaondoka wameridhika nusu. Mimi, Mutua alinishika kanzu nilipopita. "Mzee, wewe baki."

Tulipobaki wawili aliichomoa tena ile RAM, akanipa. "Soma hapa, Mzee. Baada ya namba hizi, kuna herufi gani?"

"R."

"R ni ya server, zile kompyuta kubwa za maofisi. Ya kompyuta kama hii ingekuwa na U. Zote ni DDR4, pengo ni moja, sloti inaipokea. Lakini hii ina kijidude katikati kinachopokea amri kwa niaba ya vingine, na motherboard hii haijui kuongea nacho. Itaingia kila siku na haitawaka hata siku moja."

Nilikuwa namfikiria yule beberu.

Kisha Mutua akaniuliza swali ambalo bado naliwaza ninaposhika jembe.

"Mzee, mwethya ukija kwako, nani anaonyesha pa kuchimba?"

"Mwenye shamba," nikasema.

"Asipoonyesha?"

"Watachimba popote. Mvua ikija, maji yatapita katikati ya nyumba yake."

Akasema, "Shamba hili lilikuwa la nani?"

Wakuu, nilivua kofia nikaiweka mezani.

"Tangu nianguke," Mutua akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "watu wote wananiletea. Unga, sabuni, maombi. Nashukuru, Mzee, kwa kweli nashukuru. Lakini hakuna anayeniuliza kitu. Ni kama niliangukia kichwa. Kazi ya kuchagua mashine hii ningeifanya hapa nimekaa, kwa simu tu, mkanipunguzia na aibu."

Nilimwomba msamaha. Nikamwuliza, "Basi sasa nakuuliza. Tufanye nini?"

Wakuu, mngeuona uso wake. Alivuta kiti karibu na meza kama mtu aliyeitwa kazini.

Alinifundisha mengi, nami nayaandika hapa kwa ajili ya mzee mwingine kama mimi.

Alisema uanze na kazi, ujue mashine itafanya nini. Kazi ndiyo inachagua processor, processor ndiyo inachagua motherboard, na motherboard ndiyo inasema RAM gani inakubali, ya kizazi gani na mwisho wake ni kiasi gani. Watengenezaji huweka kwenye tovuti yao orodha ya RAM walizojaribu. Hiyo isomwe kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Akasema RAM ni bora zinunuliwe mbili pamoja, pacha waliotoka pakiti moja. Ukichanganya yenye mbio na ya polepole, zikikubali kufanya kazi zitakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole, kama ng'ombe wawili kwenye plau moja. Na zisikae sloti yoyote tu. Kitabu cha motherboard kinaonyesha mahali pa kuziweka zikiwa mbili. Kwa yetu ilikuwa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye processor.

Akatazama power supply, akasema inatosha. Akatazama case ya Kilonzo, akacheka kwa mara ya kwanza. "Hewa angalau itapita."

Likabaki jambo la Mama Ndunge. Mutua hakutaka aambiwe. "Atalia, Mzee. Mwambie tu inafanya kazi."

Hapo nilikataa. Uongo wa huruma ni uongo tu, na mama huyo amenizidi umri. Lakini nilijua namna ya kumwambia ni muhimu kuliko habari yenyewe.

Nilikwenda Nuu. Nilimkuta akipepeta ndengu. Nikamweleza yote bila kuzunguka: ni nzuri, ni za nguvu, lakini ni za aina nyingine ya mashine.

Ungo ukasimama mikononi mwake. Kisha akaanza kucheka, mabega yakatikisika, akaniita kwa jina la mwanangu.

"Baba Kioko, yaani nilimuuza beberu, nikanunua mabeberu wawili! Na ninyi wanaume mkakaa hapo mkingoja maziwa!"

Nilicheka hadi nikakaa chini.

Alipomaliza akafuta macho. "Ninyi mlipoletewa kuku wangu mwaka ule, mlimla?"

"Hapana, mama. Tulimnadi."

"Si mnadi basi hao mabeberu. Mnangoja nini?"

Huo ndio mnada wetu wa Jumapili. Asiye na noti huleta kuku, mayai au malenge. Baada ya ibada vinauzwa nje, na mnunuzi akiwa na moyo anarudisha kuku huyo auzwe tena. Nimeona jogoo mmoja akiuzwa hadi akachoka kuwika.

Nilimpelekea Mutua neno hilo. Nikafikiri atasema tena hapana.

"Nitakuja mwenyewe," akasema.

Jumapili hiyo Mwende alimsukuma hadi mbele. Mchungaji akainua mikono aanze kumwombea, na Mutua akasema kwa adabu, "Mchungaji, niruhusu. Leo sikuja kuombewa. Nimekuja kuonyesha shamba."

Akaeleza kila kitu. Akainua RAM ya laptop, ya DDR3, na ile ya server, akaonyesha mapengo, akasoma herufi. Watoto walisimama juu ya mabenchi waone. Akasema ni ipi inayotakiwa na kwa nini. Hakumtaja mtu. Mama Ndunge ndiye aliyepaza sauti kutoka nyuma, "Hizo ndefu ni zangu!" Kanisa zima likaangua kicheko.

Nje, Kilonzo alipanda juu ya jiwe akiwa ameinua RAM mbili juu kama mwanambuzi.

"Mabeberu wa Mama Ndunge! Hawali majani! Hawaugui kupe! Tazameni meno, yote dhahabu!"

"Wanazaa?" mtu akauliza.

"Kwa server wanazaa. Kwako wewe watakutazama tu!"

Akanunua mwalimu, akarudisha. Wakanunua vijana wa kwaya, wakarudisha. Nikanunua mimi, nikarudisha, mke wangu akinikanyaga mguu. Mwisho Kilonzo akajiuzia mwenyewe, watu wakapiga kelele kwamba dalali hajiuzii, naye akasema, "Mniondoe kwenye jiwe basi!"

Pesa zilipatikana za kutosha.

Mutua aliagiza RAM mwenyewe kwa simu. Ilipofika, alisema hakuna maandamano wala kitambaa, na iwashwe kwanza ndipo tuombe. Tulikuwa wachache. Aliziweka kwa mikono yake, sloti ya pili na ya nne. Akabonyeza. Ile mara ya kwanza skrini ilikaa giza muda kidogo, nikaona Mama Ndunge amefumba macho. Mutua akasema, "Tulieni, inajifunza kwanza kuzijua RAM zake."

Maandishi yakaja.

Hakuna aliyeshangilia. Tuliogopa kuishtua.

Alituma ramani ya kwanza Malili kabla mvua hazijaisha. Mjenzi akairudisha na masahihisho, Mutua akaituma tena, ikakubaliwa. Nyumba zinajengwa sasa. Nimepita nikaziona kwa macho, nikatoa kofia pale barabarani.

Wale mabeberu, Kilonzo aliweka mmoja kwenye lori lake. Mwingine alimrudishia Mama Ndunge, naye anamtumia kuweka alama kwenye kitabu chake cha nyimbo. Akifungua, meno ya dhahabu yanang'aa.

Niliyojifunza, wakuu, ni mawili na yanashikana. Kuingia kwenye sloti si kupatana. Soma herufi, uliza mashine yako inakubali nini, jaribu kabla hujashangilia. Na mtu vilevile. Mapenzi yetu yote yalimwingia Mutua, klak, na hakuwaka, kwa sababu hatukumwuliza. Bwana wetu, alipomkuta kipofu kando ya njia, alijua wazi kwamba haoni, na bado alimwuliza anataka afanyiwe nini. Nimelihubiri jambo hilo mara nyingi. Nililielewa uani kwa Mutua.

Juzi nilimpelekea Mutua kazi. Kanisa linataka choo kipya. Nilikuwa na maelezo yangu yote tayari kichwani, upande, madirisha, hesabu ya milango.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa, Mzee. Na akina mama mmewauliza?"

Nikageuza kofia mkononi, nikarudi kuuliza.

Karibuni mchangie. Nani amewahi kununua RAM ikaingia na ikakataa? Na kama kuna mwenye server inayohitaji mabeberu, aseme, nitazungumza na Kilonzo, ila yule wa kitabu cha nyimbo hauzwi.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe watu wa kukuuliza unahitaji nini, na akupe sikio la kuwauliza wengine. Vilivyo nyumbani mwako vipatane, na kila unachowasha kiwake.